Loutro, Krete: maswali ninayoulizwa mara kwa mara kuhusu kijiji kisicho na barabara

Mimi ni mtu wa Pangani ninayeishi Ujerumani, na Loutro nimeshalala mara nne. Kila nikirudi, ndugu na marafiki wananiuliza yale yale: wengine wa Dar na Mombasa wanaopanga safari ya kwanza Ulaya, wengine majirani zangu wa huku huku. Nimeyakusanya hapa. Penye mengi ya kusema nimesema mengi.

Loutro ni wapi hasa?

Ni kijiji kidogo cha pwani ya kusini-magharibi mwa Krete, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki. Kiko sehemu za Sfakia, upande wa Chania. Mbele yake ni Bahari ya Libya, sehemu ya Mediterania inayoitazama Afrika. Nyuma yake ni Lefka Ori, maana yake Milima Myeupe, ambayo kilele chake kirefu, Pachnes, kina mita 2,453. Mlima umekisukuma kijiji mpaka ukingoni mwa maji. Nyumba ni safu moja au mbili tu kuizunguka ghuba, zimepakwa rangi nyeupe na madirisha yake ni ya buluu.

Barabara hakuna. Sisemi ipo na ni mbovu, haipo kabisa. Unafika kwa feri, kwa boti ya kukodi au kwa miguu. Gari halijawahi kupiga honi pale, pikipiki nayo vivyo hivyo. Utulivu wote wa Loutro umetokana na jambo hilo moja.

Nifikeje kutoka Afrika Mashariki?

Wengi wetu hupitia Istanbul au Doha hadi Athens, kisha ndege fupi ya ndani hadi Chania. Ukiwa na muda, toka Athens uende bandari ya Piraeus ukapande meli ya usiku hadi Souda, bandari ya Chania. Unalala melini na asubuhi unaamkia Krete. Mimi hupenda njia hiyo. Mtu wa pwani akikiendea kisiwa, akiendee kwa maji.

Kutoka Chania kuna basi la KTEL hadi Chora Sfakion, mwendo wa kama saa mbili. Linapanda milima, linapita uwanda wa Askifou, kisha linashuka kwa kona kali na bahari imetanda chini yako. Kama gari halikuchafui tumbo, kaa upande wa dirisha. Likikuchafua, kaa mbele na usile sana.

Chora Sfakion ndio mwisho wa basi. Tiketi ya feri inakatwa kwenye kibanda cha bandarini, ni ya euro chache, na safari yenyewe ni kama dakika ishirini. Feri hizi hubeba magari pia, lakini zikifika Loutro mlango unashushwa, watu wanateremka na mizigo yao, na magari yanabaki ndani yakisubiri bandari yenye barabara.

Kuhusu saa: kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba saa ya Ugiriki ni ile ile ya Nairobi na Dar, kwa hiyo hubadilishi kitu. Ila Wagiriki huhesabu kuanzia usiku wa manane. Ratiba ikiandika 10:30, hiyo kwetu ni saa nne na nusu. Jamaa yangu mmoja alimwambia mama yake kwa simu feri ni "saa kumi na nusu", na mama akafika bandarini jioni. Mwandikie mzazi wako saa zetu, umwandikie na "asubuhi" au "jioni".

Viza je?

Ugiriki iko ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza, na ada ya mtu mzima ni euro 90. Mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12 ni euro 45, na aliye chini ya miaka 6 halipi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Usingoje hadi siku hizo za mwisho: omba mapema, maana miadi ya kiangazi hujaa. Bima ya safari lazima iwe na kinga ya matibabu isiyopungua euro 30,000.

Unayeishi kwa kibali halali katika nchi nyingine ya Schengen, kama Ujerumani, Uholanzi au Sweden, huhitaji viza nyingine. Beba pasipoti na kadi yako ya ukaazi, vyote viwili. Kibali cha Uingereza au kadi ya kijani ya Marekani havikusaidii hapa. Ukiwa bado na pasipoti ya nyumbani, viza ni lazima.

Mwezi gani ni mzuri?

Mei mwishoni, Juni na Septemba. Mimi nikiambiwa nichague mmoja, nachagua Septemba: maji yameiva jua la miezi mitatu, yako karibu nyuzi 25, na familia za Ulaya zimerudi shuleni. Julai na Agosti jua ni kali, vyumba vimejaa na bei imepanda. Kuanzia Novemba hadi Machi karibu kila kitu kimefungwa na feri ni chache. Usiende ukitegemea kupata chumba wazi.

Kuna upepo wa kaskazini wa kiangazi uitwao meltemi. Loutro imekingwa vizuri, ila siku nyingine upepo huteremka ghafla kutoka milimani na kupiga maji kwa vishindo. Ukiona wenyeji wanaanza kukunja miavuli, kunja na wewe taulo lako.

Bahari inapwa saa ngapi?

Swali hili huulizwa na watu wa pwani peke yao, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Jibu: haipwi.

Sisi tumelelewa na kupwa na kujaa. Bamvua likiwa kubwa Zanzibar, maji hupanda na kushuka karibu mita nne. Asubuhi unaogelea, mchana unatembea kwa miguu pale pale ukiokota kome. Mediterania ni bahari iliyofungwa karibu pande zote. Mlango wake wa asili kuelekea bahari kuu ni Gibraltar, na pale penye wembamba zaidi ni kilomita 14 hivi tu, kwa hiyo mawimbi makubwa ya kupwa na kujaa ya Atlantiki hayapenyi. Krete maji hupanda na kushuka kwa sentimita chache tu, na usipoambiwa hutatambua. Nilipofika mara ya kwanza niliamka alfajiri kwenda kutazama kina kimefika wapi, nikakuta maji yamekaa pale pale nilipoyaacha usiku. Siku ya tatu ndipo mwili ulipozoea.

Faida yake ni kwamba unaogelea saa yoyote unayotaka. Hasara ni kwamba hakuna ufuo wa maji mafupi unaokwenda mbali. Kina huanza karibu, hatua chache tu miguu haigusi chini. Maji pia ni ya chumvi zaidi kuliko ya kwetu, yanakuinua, lakini yakiingia machoni utayasikia.

Ufukwe una mchanga mweupe kama wa nyumbani?

Hauna. Ni kokoto. Pwani ya ndani ya kijiji ni ndogo, ina viti vya kukodi na watoto wanachezea hapo. Vaa viatu vya majini au kandambili zenye kamba ya nyuma. Mtu akija Loutro akitafuta Paje au Diani, atasikitika bure.

Lakini kuna Glyka Nera, maana yake Maji Matamu, iliyo katikati ya Loutro na Chora Sfakion. Ni ufukwe mrefu wa kokoto chini ya jabali, na chini ya kokoto hizo maji baridi ya chemchemi yanatoka mlimani na kuingia baharini. Chimba kwa mikono karibu na ukingo, shimo linajaa maji baridi, yaonje: hayana chumvi. Ukiogelea hapo unapita tabaka la maji ya moto kisha la maji ya baridi, yamepishana kama mashuka mawili. Theluji ya Lefka Ori ikiyeyuka hupenya ndani ya mawe ya chokaa, husafiri chini kwa chini, na kutokezea pwani. Wachunga mbuzi wameyajua maji haya karne na karne.

Unaweza kwenda kwa boti ndogo au kwa miguu, saa moja na zaidi kutoka Loutro. Njia ni nyembamba, na sehemu moja inapita kwenye ukingo wa mwamba juu ya bahari. Mwenye kizunguzungu cha kimo apande boti. Na nikwambie mapema ili usishtuke ukiwa na wakwe: upande wa mwisho wa ufukwe ule wapo watu wanaooga bila nguo. Ni desturi ya miaka mingi na hawamsumbui mtu. Ukiwa na familia, kaa upande mwingine.

Upande wa magharibi kuna Lykos, na mbele yake Marmara, pale korongo la Aradena linapofungukia baharini. Marmara ni marumaru kwa Kigiriki, kwa sababu miamba yake imelainishwa na maji mpaka inang'aa.

Nikae siku ngapi? Si naweza kwenda na kurudi siku moja?

Unaweza, na wengi hufanya hivyo. Nakusihi usifanye.

Mchana Loutro ni ya wapita njia. Feri zinaingia, watu wanashuka, wanapiga picha, wanakula, wanaoga, wanaondoka. Jioni feri ya mwisho inapofunga mlango wake na kutoka ghubani, kijiji kinabadilika. Sauti ya injini inafifia, mnabaki waliolala pale na wenyeji. Unasikia vijiko vikioshwa, kengele za mbuzi mlimani, na maji yakigusa ukuta chini ya meza yako. Taa za mikahawa zinaakisi ghubani kwa mstari mmoja mrefu, kwa sababu hakuna taa ya gari wala ya barabara inayozivuruga. Mimi sijui sehemu nyingine ya Ulaya ambako nimelala usiku wa namna hiyo.

Usiku mmoja hautoshi, maana wa kwanza bado una vumbi la safari. Lala mitatu. Ukiweza mitano, wa nne ndio utakapoacha kutazama simu.

Vyumba vingi viko juu ya mikahawa, na mara nyingi mwenye mkahawa ndiye mwenye chumba. Omba chumba kinachotazama bahari. Tofauti ya bei si kubwa sana na utaifaidi kila asubuhi. Kwa Julai na Agosti weka nafasi miezi kadhaa kabla.

Nitafanya nini huko siku zote hizo?

Kuogelea, kusoma, kulala mchana. Kama miguu inakuwasha, njia ziko.

Panda Anopoli, kijiji kilicho juu ya jabali kwenye kimo cha mita 600 hivi. Njia ya mawe inapinda na kupinda, na inachukua saa moja na nusu au mbili kwa mtu wa kawaida. Anza alfajiri, kabla jua halijapiga ukuta ule. Anopoli ndiko alikozaliwa Daskalogiannis, mfanyabiashara mwenye meli zake, aliyeongoza maasi ya Wasfakia dhidi ya utawala wa Waosmani mwaka 1770. Maasi yalishindwa, na mwaka 1771 alichunwa ngozi akiwa hai mjini Heraklion. Uwanja wa ndege wa Chania unaitwa kwa jina lake, kwa hiyo wengi hutua juu ya jina hilo bila kujua ni nani. Nenda uitazame sanamu yake kijijini, kisha unywe kahawa chini ya miti.

Mbele ya Anopoli kuna Aradena, kijiji cha kale ambacho watu wake walikihama kwa sababu ya visasi vya koo. Daraja la chuma la mwaka 1986 linavuka korongo lake, mita 138 kutoka juu hadi chini. Ukikanyaga mbao zake zinalia. Wenye magoti mazuri hushuka korongo lenyewe hadi Marmara na kurudi Loutro kwa boti.

Korongo kubwa la Samaria nalo liko jirani. Ni mwendo wa kilomita 16 kutoka juu milimani hadi Agia Roumeli pwani, hifadhi ya taifa tangu 1962, na kwa kawaida hufunguliwa Mei hadi Oktoba. Jua likizidi au mvua ikitishia hufungwa, basi ulizia siku moja kabla. Ukimaliza, feri ya jioni kutoka Agia Roumeli inakupitisha Loutro. Kushuka pale ukiwa na vumbi hadi magotini, huku wengine wakiendelea na safari ya basi, ni raha ya kipekee.

Ni kweli Loutro imetajwa kwenye Biblia?

Bandari iliyotajwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, inaitwa Foinike, nayo ilikuwa hapa hapa, kwenye rasi hii yenye ghuba mbili. Ghuba ya magharibi bado inaitwa Finikas. Meli iliyombeba Paulo kama mfungwa ilikuwa Bandari Nzuri, mashariki zaidi kwenye pwani hii hii, na mabaharia walitaka kufika Foinike wapitishe majira ya baridi. Hawakufika. Upepo wa Eurakilo uliwatupa baharini, wakapita chini ya kisiwa cha Kauda, ambacho leo ni Gavdos, na mwisho meli ikavunjika Malta.

Ukisimama juu ya rasi, kwenye magofu ya ngome, utaelewa kwa nini walipataka. Milima inazuia kaskazini, rasi inazuia magharibi, maji ndani yametulia hata nje kukiwa na povu. Baharia yeyote wa majahazi angepachagua. Siku ya anga safi, Gavdos yenyewe inaonekana upande wa kusini. Hata jina Loutro, maana yake bafu, husemwa limetokana na mabafu ya kale yaliyokuwa hapa.

Kuhusu chakula: kuna halali?

Nyama halali usitegemee. Lakini Mwislamu hatalala njaa, maana Krete ni nchi ya mafuta ya zeituni, mboga na kunde. Kuna horta, yaani mboga za majani za porini zilizochemshwa na kutiwa limau, ambazo mla mchicha atazielewa mara moja. Kuna dakos, mkate mkavu wa shayiri wenye nyanya na jibini juu yake. Kuna maharage makubwa ya kuokwa. Na samaki wa kuchoma wapo, ila samaki mzima huuzwa kwa kilo, kwa hiyo omba apimwe na uambiwe bei kabla hajakwenda jikoni.

Kitu cha Sfakia chenyewe ni sfakiani pita: mkate mwembamba uliokandwa na jibini laini ndani yake, unapikwa kwenye kikaango na kumiminiwa asali. Fikiria chapati iliyoficha jibini. Mimi huila asubuhi na chai, na sijaona sababu ya kula kitu kingine.

Baada ya chakula mwenye mkahawa hukuletea raki na tunda bila malipo. Ni pombe kali ya zabibu. Usipokunywa, weka mkono kifuani na useme "efharisto", yaani asante. Hakuna atakayeona vibaya, na tunda utaachiwa.

Mimi ni mtu mweusi. Watanitazamaje?

Nitasema yangu tu. Loutro nimetazamwa kidogo siku ya kwanza, na siku ya pili nimeitwa kwa jina. Wasfakia ni watu wakavu wa maneno na wakarimu wa mezani.

Na Waafrika si wageni wa jana Krete. Zamani za utawala wa Waosmani, Chania ilikuwa na jamii ya watu weusi walioitwa Halikoutes, wengi wakiwa wametokana na watumwa na vibarua kutoka Afrika. Walikuwa wapagazi na waendesha mashua, na waliishi Koum Kapi, nje ya kuta za mji. Waislamu wa Krete walipohamishiwa Uturuki mwaka 1923, karibu wote waliondoka nao. Ukipita Chania, tembea Koum Kapi jioni, ukumbuke waliokaa pale.

Watoto na wazee wataweza?

Watoto, ndiyo, na wazazi watapumua kwa kukosa magari. Ila kumbuka kina huanza karibu na gati halina kizuizi. Mtoto asiyejua kuogelea asiachwe peke yake hata dakika.

Kwa mzee mwenye magoti mabovu, omba chumba cha chini. Ngazi ni nyingi na vijia ni vyembamba. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu ni pagumu mno, nisingemshauri.

Pesa, simu, umeme, dawa?

Toa pesa taslimu Chania kabla ya kupanda basi. Laini ya simu ya nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya inafanya kazi. Plagi za kwetu za pini tatu haziingii, beba adapta ya pini mbili za duara. Usitegemee duka la dawa kijijini: beba dawa zako zote, na hospitali kubwa iko Chania. Namba ya dharura ni 112. Karatasi za chooni hutupwa kwenye ndoo iliyo pembeni, mabomba ni membamba. Begi la mgongoni ni bora kuliko la magurudumu.

Nijifunze Kigiriki?

Kiingereza kinatosha, lakini "kalimera" ya asubuhi hufungua milango. Angalia tu: "ne" ni ndiyo, na "ohi" ni hapana. Mtu akiinua kidevu na nyusi bila kusema kitu, amekukatalia. Na utasikia "siga-siga" kila saa. Hilo huhitaji kutafsiriwa kwa mtu wa pwani, ni polepole.

Feri isipokuja?

Hutokea, hasa Aprili, Oktoba na siku za upepo wa kusini, kwa sababu ghuba imekingwa na kaskazini kuliko kusini. Kibandani wataandika kwamba safari imefutwa, na ndiyo basi. Kwa miguu hadi Chora Sfakion ni saa mbili na nusu hivi, lakini si kwa mvua, na si ukiwa na watoto na mabegi.

Kwa hiyo usipange kutoka Loutro siku ile ile ya ndege yako. Acha usiku mmoja wa akiba Chania. Mara ya tatu nilipokwenda tulizuiliwa siku moja nzima. Mwenye nyumba alitupikia dengu, hakutaka malipo ya usiku ule wa ziada, na sote tulikaa dirishani kutazama mawimbi yakivunjikia kwenye rasi huku ndani ya ghuba mitumbwi miwili ikielea karibu bila kutikisika.